Tumeajiri mtu wa devopsi, mbona mfumo bado unagoma?

SWALI: Shikamoo. Naongoza timu ya madevelopa kwenye kampuni ya watu wasiozidi thelathini hapa Dodoma. Tunatengeneza mfumo wa hospitali: kuandikisha wagonjwa, malipo, maabara, famasi na madai ya bima. Wateja wetu ni hospitali na zahanati binafsi za Dodoma na Singida, na baadhi yao wana seva zao ndani ya majengo yao. Mwaka jana mkurugenzi wetu alirudi kutoka mafunzoni akasema lazima tuwe na devopsi, yaani ule utaratibu wa madevelopa na watu wa seva kufanya kazi kwa pamoja. Akaajiri mhandisi wa devopsi, tukafunga Jenkins, programu ya kujenga na kujaribu matoleo bila kazi ya mikono, na Kubernetes, ya kuendesha programu kwenye seva nyingi. Hadi leo tunapandisha toleo jipya mara moja kwa miezi mitatu, Ijumaa usiku, na Jumamosi asubuhi simu zinaanza. Sisi tunawalaumu watu wa seva, wao wanatulaumu sisi. Mkurugenzi anataka kuona matokeo kabla mwaka wa fedha haujaisha Juni 30. Tumekwama wapi, na tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu: mnapandisha mara moja kwa miezi mitatu. Ugonjwa uko hapo. Jenkins mnayo, mhandisi mnaye, lakini safari ya badiliko moja, tangu mhasibu wa hospitali anapoliomba hadi linapofanya kazi dirishani kwake, imebaki ileile ya kabla mkurugenzi hajaenda mafunzoni. Vifaa vimeongezeka njiani, njia haijafupika.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kifaa chochote, ifuatilieni safari hiyo. Chagueni badiliko moja dogo ambalo lilishamfikia mteja, tuseme kuongeza aina mpya ya bima kwenye risiti. Kaeni pamoja: wewe, developa aliyeliandika, mtu wa seva aliyelipandisha, na mwenzenu wa huduma kwa wateja aliyepokea ombi. Andikeni ubaoni tarehe zote. Liliombwa lini? Liliandikwa kwa saa ngapi? Lilingoja mkaguzi siku ngapi, seva ya majaribio siku ngapi, saini ya nani, Ijumaa ipi? Kwenye ofisi za hapa mjini ambako nimekaa na watu kufanya zoezi hili, kazi yenyewe huwa ya saa chache na kungoja huwa kwa wiki nyingi. Watu wakiyaona yale masiku ya kungoja yamepangwa ubaoni, sauti hushuka, kwa sababu inaonekana wazi kwamba hakuna aliyekuwa mvivu.

Ugomvi wenu na watu wa seva nao hautokani na tabia za mtu. Developa anapongezwa akileta kitu kipya. Mtu wa seva anapongezwa siku ambayo hakuna simu iliyopigwa. Kila kitu kipya unacholeta wewe ni hatari ya simu kwake, kwa hiyo atakukwamisha kwa fomu, kwa vibali, kwa kusema "ngoja Ijumaa". Hata ungekuwa wewe upande wake ungefanya hivyohivyo. Mambo haya yameikuta dunia nzima. Mwaka 2009 John Allspaw, aliyekuwa akiongoza uendeshaji wa mifumo ya Flickr, tovuti ya kuweka picha, na Paul Hammond, aliyekuwa upande wa madevelopa, walisimama jukwaa moja huko Marekani wakaeleza jinsi kampuni yao ilivyokuwa ikipandisha mabadiliko zaidi ya mara kumi kwa siku. Oktoba ya mwaka huo Patrick Debois akaitisha mkutano Ghent, Ubelgiji, na jina la devopsi likaanzia kwenye mkutano huo. Kiini cha mazungumzo yao kilikuwa watu wa pande mbili kubeba lengo moja. Vifaa vilikuja kusaidia lengo hilo.

Sasa, mhandisi mliyemwajiri. Naomba msimfanye mbuzi wa kafara, kwa sababu nafasi aliyowekwa haiwezekani. Kabla yake mlikuwa na pande mbili zinazorushiana mpira. Sasa mna tatu: madevelopa mnamtupia msimbo (maandishi ya programu), yeye anawatupia watu wa seva, na mfumo ukigoma kila mmoja anamwangalia yeye. Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi hutoa mifumo inayofanana na jinsi watu wake wanavyowasiliana, na mimi sijaona kampuni iliyomkwepa. Kaeni na mkurugenzi mvunje mpango huo. Chukueni sehemu moja ya mfumo, kwa mfano malipo na risiti, muikabidhi kwa watu wanne au watano: madevelopa wawili watatu, mtu mmoja wa seva, na mtu mmoja anayezijua hospitali. Wao waiandike, waipandishe, waitazame ikifanya kazi, na wapokee simu yake usiku. Mhandisi wa devopsi akae nao wiki za mwanzo awafundishe, kisha ahamie sehemu nyingine. Kipimo chake kiwe ni watu wangapi sasa wanaweza kupandisha bila yeye.

Nimetaja simu ya usiku makusudi. Developa akiamshwa saa nane za usiku na mtu wa mapokezi kwa sababu ya msimbo wake mwenyewe, kesho yake ataandika kumbukumbu za mfumo zinazosomeka na ujumbe wa hitilafu unaoeleweka. Hakuna semina inayofikia hapo. Lakini zamu ilipwe. Mkiwaongezea watu zamu bila posho, na bila kuwaruhusu kuchelewa kesho yake, wataiona devopsi kama adhabu, na watakuwa na haki.

Turudi kwenye Ijumaa usiku, maana hapa ndipo ningependa mtumie nguvu nyingi kuliko pengine popote.

Toleo la miezi mitatu lina mabadiliko kadhaa kwa mkupuo: mengine ya famasi, mengine ya maabara, moja la databesi ambalo aliyeliandika yuko likizo. Likipanda na dirisha la malipo likagoma, unaanza kutafuta badiliko moja lenye kasoro ndani ya rundo zima, saa sita usiku, ukiwa umechoka, na huku wodini kuna wagonjwa. Mkiwa mmepandisha badiliko moja tu, lililoandikwa juzi, mwandishi wake yuko mezani na bado analikumbuka. Mnalirudisha, mnalitazama, mnaendelea. Watu wengi hudhani kupandisha mara kwa mara kunaongeza hatari. Watafiti wakiongozwa na Nicole Forsgren, ambao kwa miaka mingi wamekusanya majibu ya maelfu ya watu wa fani hii, waligundua kuwa kasi na uthabiti huenda pamoja: timu zinazopandisha mara nyingi ndizo pia hurudisha huduma haraka inapokatika.

Hameni kutoka Ijumaa usiku. Hospitali hailali, kwa hiyo hakuna saa ambayo hamtamgusa mtu. Pandisheni Jumanne au Jumatano, saa nane mchana, foleni ya asubuhi ikiwa imepungua na ninyi wote mkiwa bado ofisini. Mhasibu wa hospitali ajue mapema, na daftari la risiti za mkono liwe karibu. Anzeni kwa kupandisha kila wiki mbili, kisha kila wiki. Mtaona maumivu yanajitokeza moja baada ya jingine, na kila linalouma ndilo la kushughulikia kabla ya linalofuata.

La kwanza litakalouma ni kazi za mikono. Agosti 1, 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani iitwayo Knight Capital ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa muda wa kama dakika 45. Fundi alikuwa amenakili msimbo mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ilibaki na msimbo wa zamani, na swichi ya mfumo iliyokuwa imepewa kazi mpya ikauamsha ule wa zamani, ukaanza kununua na kuuza hisa bila kikomo. Hapakuwa na mtu wa pili aliyekagua. Mfumo wao ulishatuma barua pepe 97 za ndani kuhusu hitilafu hiyo kabla soko halijafunguliwa, na hazikufanyiwa kazi. Walipojaribu kuokoa hali wakaondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa, mambo yakazidi kuharibika. Ndani ya kisa hicho kimoja mna kunakili kwa mkono, swichi ya zamani isiyofutwa, tahadhari isiyomfikia mtu wa zamu, na kurudi nyuma kusikofanyiwa mazoezi. Kagueni kama ninyi mnayo yote manne. Nina wasiwasi mnayo.

Kuhusu vifaa, nitasema ninavyoamini. Kila kitu kiingie kwenye Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko: msimbo, mipangilio ya seva, hati (skripti) za kubadilisha databesi, hata maelekezo ya kufunga. Nywila tu ndizo zibaki nje, zitunzwe mahali pake. Jenkins mliyonayo inatosha; iwe inajenga kifurushi kimoja kila msimbo unapoingizwa, na kifurushi hichohicho kilichopita kwenye majaribio ndicho kiende hospitali. Msijenge upya kwa kila mteja. Majaribio ya kujiendesha yaanze pale pesa na uhai vilipo: hesabu za risiti, punguzo la bima, kiasi cha dawa, kumtambua mgonjwa. Majaribio machache ya sehemu hizo, yanayomalizika ndani ya dakika kumi, yana faida kuliko mamia ya majaribio ya rangi za vitufe ambayo watu wameshazoea kuyapuuza yakifeli. Jaribio linalofeli leo na kupita kesho bila sababu, litengenezeni au mlifute, maana linawafundisha watu kutojali.

Kubernetes iwekeni kabatini kwa sasa. Ni chombo kizuri kwa mwenye mashine nyingi na watu wa kukihudumia. Ninyi mna seva mbili tatu na mtu mmoja anayeielewa; siku akipata kazi Dar es Salaam mtabaki mnaogopa seva zenu wenyewe. Kontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji, bakini nazo, hati rahisi ya kuzifunga inawatosha.

Hospitali zenye seva zao ndani ya majengo ndizo ngumu zaidi, na vitabu vingi haviwazungumzii. Mnachofanya nakijua kwa sababu kila kampuni ya huku hufanya: kijana anapanda basi na fleshi mfukoni hadi Kondoa au Manyoni, anafika anakuta toleo la pale halifanani na lililoandikwa ofisini, kwa sababu mwenzake alirekebisha kitu papo hapo miezi kadhaa nyuma, akasahau kusema. Mwishowe kila hospitali ina mfumo wake, na hitilafu ya Manyoni haiwezi kuigwa kwenye seva ya majaribio ya Dodoma.

Geuzeni mwelekeo. Seva ya hospitali iwe inavuta toleo yenyewe intaneti inapokuwepo, ikikatika iendelee ilipoishia, na ihakiki kwamba kifurushi ni chenu kweli na kimefika kizima. Ikifunge kwa saa ambayo hospitali imechagua. Toleo lililotangulia libaki kwenye diski, na ukaguzi baada ya kufunga ukifeli, seva irudi nyuma yenyewe bila kumngoja mtu. Kisha iwaarifu ofisini ina toleo gani. Basi na fleshi vibaki kwa sehemu zisizo na intaneti kabisa, na hata huko fleshi ibebe kifurushi kilekile na hati ileile. Kurekebisha kwa mkono kwenye seva ya mteja kukome. Ikitokea dharura kweli, marekebisho yaingie Git siku hiyohiyo, la sivyo toleo lijalo litayafuta na simu itapigwa tena kwa tatizo lilelile.

Na umeme: kwenye seva yenu ya majaribio, anzeni kufunga toleo kisha mchomoe waya katikati. Fanyeni hivyo kila mnapobadilisha hati ya kufunga. Kama mfumo hauamki salama hapo ofisini, hautaamka Singida.

Databesi inahitaji adabu yake, kwa sababu msimbo unarudishwa nyuma kwa urahisi na data hairudi. Badiliko la databesi ligawanywe hatua. Tuseme mnataka namba ya bima ihame kutoka kwenye jedwali la wagonjwa kwenda jedwali lake. Toleo la kwanza liongeze jedwali jipya na kuandika kote kuwili. Likitulia, hamisheni data za zamani. Toleo linalofuata lisome kutoka jedwali jipya. Safu ya zamani ifutwe wiki kadhaa baadaye, mkiwa na hakika hakuna anayeihitaji. Ni kazi ndefu, lakini katika kila hatua mnaweza kurudi nyuma bila kupoteza rekodi ya mgonjwa.

Hapohapo niulize: mara ya mwisho kurejesha bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, ilikuwa lini? Nauliza kurejesha, kuchukua najua mnachukua. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo mtandaoni, akiwa amechoka usiku alifuta data kwenye seva kuu ya databesi akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walipokimbilia bakapu wakakuta ile ya kila siku ilikuwa haifanyiki, kwa sababu programu ya kuichukua ilikuwa ya toleo lisiloendana na databesi, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Kila mwezi rejesheni bakapu ya hospitali moja kwenye mashine tupu, mhesabu risiti, mlinganishe. Mashine hiyo iwe imefungwa vizuri na ifutwe zoezi likiisha, kwa sababu zile ni taarifa za wagonjwa. Kwa sababu hiyohiyo, nakala ya databesi ya hospitali isikae kwenye laputopu ya developa wala kwenye seva ya majaribio. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi nchini, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi. Tengenezeni wagonjwa wa kubuni kwa ajili ya majaribio.

Wale GitLab walifanya jambo jingine ninalolipenda sana: walieleza kilichotokea hadharani, hatua kwa hatua, na mhandisi yule hawakumtaja kwa jina. Hili ndilo litakalowashinda kama hamtakuwa makini, na mkurugenzi wenu ndiye mwenye ufunguo. Ofisini kwetu mfumo ukigoma, swali la kwanza ni "nani kafanya?" Likiulizwa hivyo mara mbili tu, mara ya tatu aliyefanya atafuta alama zake kabla ya kusema. Mnabaki na mfumo uliogoma na ukweli uliofichwa.

Baada ya kila hitilafu iliyomgusa mteja, kaeni kikao cha saa moja ndani ya siku mbili. Kijana mdogo kuliko wote aliyekuwepo azungumze kwanza, wakubwa wasubiri. Nasema hivyo kwa sababu kwetu bosi akishasema anavyofikiri, hakuna kijana atakayempinga, na mara nyingi kijana ndiye aliyekuwa mbele ya skrini. Aulizwe alikuwa anaona nini wakati ule, na kwa nini hatua aliyochukua ilionekana sahihi. Mkurugenzi akihudhuria, asikilize. Kikao kitoke na kazi mbili au tatu zenye jina la mtu na tarehe, na kazi hizo ziingie kwenye orodha ya wiki kama ombi la mteja anayelipa. Zisipoingia, vikao vitakufa wenyewe.

Mkurugenzi apewe namba. Forsgren na wenzake walitumia nne: mnapandisha mara ngapi, badiliko linachukua muda gani tangu lilipoingizwa kwenye Git hadi kufanya kazi kwa mteja, mapandisho mangapi kati ya yote yanaharibu kitu, na huduma ikikatika inarudi baada ya muda gani. Anzeni kuzihesabu wiki hii, hata kwa daftari, kabla hamjabadilisha chochote, ili muwe na pa kulinganisha. Ziwe namba za timu. Siku mtakapozitumia kwenye tathmini ya mtu mmoja mmoja, watu watapandisha vijibadiliko visivyo na maana ili wahesabiwe, na hitilafu zitabadilishwa majina.

Mwambieni pia ukweli kuhusu muda. Wiki za mwanzo mtaonekana mmepungua kasi, kwa sababu mtakuwa mnaandika majaribio na hati za kufunga badala ya vitu vipya. Ombeni sehemu ya tano ya muda wa timu, iandikwe kwenye mpango, asiichukue mteja anayepiga kelele. Akiikataa, nadhani ni heri msianze. Kazi hii ikiachiwa muda wa ziada baada ya saa kumi na moja jioni, itafanywa na mtu mmoja mwenye moyo, na atachoka.

Mikataba yenu nayo iangaliwe. Kama inasema toleo jipya linapokelewa kwa saini ya mganga mfawidhi baada ya majaribio ya wiki mbili, hamwezi kupandisha kila wiki hata mkiwa na vifaa vyote duniani. Zungumzeni na wateja: marekebisho madogo yaingie kwa siku na saa iliyokubaliwa, na saini ibaki kwa sehemu mpya kabisa za mfumo. Sehemu mpya zinaweza kupanda zikiwa zimezimwa kwa swichi, zikawashwa hospitali ikishakuwa tayari, na swichi ikafutwa baadaye.

Kwa Juni 30, msimwahidi mkurugenzi devopsi ya kampuni nzima. Mwahidini kwamba sehemu ya malipo, kwa hospitali moja, inapandishwa kila wiki mchana kwa kubonyeza kitufe kimoja, inarudi nyuma ndani ya dakika chache, na bakapu yake imerejeshwa na kuhakikiwa. Hilo linawezekana. Hospitali yenyewe iwe ya hapa mjini, mnayoweza kuifikia kwa bodaboda mambo yakiharibika, na yenye mhasibu anayepiga simu na kusema wazi kinachomkera. Mwendeeni yeye na mganga mfawidhi wake kabla hamjaanza, muwaeleze mnachotaka kufanya na kwa nini, mkubaliane siku na saa, na nani ampigie nani dirisha likigoma.